Cox, Ashmead's Kernel au Spitzenburg: Kuchagua Tofaa la Kale la Kuliwa Bila Kupikwa

Mtu anayetafuta tofaa la kale, yaani la aina iliyokuwapo tangu zamani, la kuliwa bila kupikwa kwa kawaida huanza kwa kuuliza lipi ni tamu zaidi, na swali hilo ndilo linalompoteza. Aina nyingi zenye jina kubwa ni tamu sana zikiliwa kwa wakati wake, na hukatisha tamaa zikiliwa kabla au baada ya wakati huo. Ashmead's Kernel iliyochumwa Oktoba na kuliwa siku hiyohiyo ni chachu kiasi cha kumfanya mlaji aamini kwamba amepewa tunda la kupikia. Tunda hilohilo likikaa mahali pa baridi hadi Januari huwa miongoni mwa matofaa yenye ladha nzito kuliko yote. Gravenstein, kinyume chake, hufikia ubora wake mwishoni mwa kiangazi, na wiki chache baadaye ubora huo umekwisha. Kwa sababu hiyo, katika ulinganisho huu nimetanguliza mwezi wa kula, kisha ladha, kisha tabia ya mti bustanini. Sura ya tunda nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwani ni kwa kuhukumiwa kwa sura ndipo mengi ya matofaa haya yalipoondolewa madukani. Miezi ninayoitaja ni ile ya nchi za kaskazini zenye majira manne. Aliye katika nchi za kusini zenye majira kama hayo aongeze miezi sita.

Ni vema kukumbuka pia kwamba kila aina ya tofaa yenye jina ni mti mmoja uliosambazwa. Mbegu ya tofaa haizai tunda lililo sawa na la mama yake, kwa sababu ua huchavushwa kwa chavua ya mti mwingine na kila mbegu hubeba mchanganyiko mpya. Anayetaka Cox hukata tawi dogo la Cox na kulibebesha juu ya shina la mtofaa mwingine, na ndivyo ilivyofanyika tangu mwanzo. Hivyo Cox ya leo ni sehemu hai ya mti uliochipua Uingereza karibu mwaka 1825, na Ashmead's Kernel ni sehemu ya mti ulioota Gloucester karibu mwaka 1700. Kwa mchaguzi jambo hili lina faida kubwa: sifa zilizoandikwa karne mbili zilizopita bado zinahusu tunda hilohilo, na tofauti anayoikuta kati ya Cox ya mkulima mmoja na ya mwingine hutokana zaidi na udongo, hali ya hewa na siku ya kuchuma.

Cox's Orange Pippin na Ashmead's Kernel

Hizi mbili ndizo zinazostahili kulinganishwa kwa kina, kwa kuwa ndizo ambazo wapenzi wa matofaa ya Uingereza huzitaja kwanza, na kwa kuwa zinawakilisha namna mbili tofauti kabisa za ubora.

Richard Cox alikuwa mtengenezaji wa bia aliyestaafu na kuhamia Colnbrook, magharibi mwa London, ambako alipanda mbegu zinazoaminika kuwa zilitoka kwenye tunda la Ribston Pippin. Mti uliotokana na mojawapo ya mbegu hizo ulianza kuuzwa kwa wingi katika miaka ya 1850, na baadaye ukawa kipimo ambacho kwacho Waingereza walilipima kila tofaa jingine. Tunda lake ni la ukubwa wa wastani, mviringo uliobanwa kidogo, lenye ganda la njano lililopakwa rangi ya chungwa na michirizi myekundu, pamoja na mabaka madogo ya kahawia yenye kukwaruza karibu na kikonyo. Likiiva vizuri, mbegu zake hulegea, na mtu akilitikisa karibu na sikio huzisikia zikigonga ndani. Nyama yake ina rangi ya krimu, ina maji mengi, na ni laini kuliko ilivyo kwa matofaa mengi yanayouzwa siku hizi.

Ubora wa Cox uko kwenye harufu. Utamu wake si wa kupita kiasi na uchachu wake si mkali, lakini kila unapotafuna hutokea manukato mengine: mara ya pea, mara ya chungwa, mara ya kitu kinachokaribia maua. Sijui tofaa jingine ambalo harufu yake ina tabaka nyingi namna hiyo, na yeyote anayetaka kujua kwa nini watu hujisumbua na aina za kale angefanya vema kuanza na Cox iliyokomalia mtini mahali panapoifaa. Tatizo ni kwamba muda wake ni mfupi. Huchumwa mwishoni mwa Septemba, hufikia ubora kati ya katikati ya Oktoba na Desemba, na baada ya hapo, hata ikiwa imehifadhiwa nyumbani kwa uangalifu, nyama huanza kulegea na harufu hupungua. Cox inayotoka kwenye ghala kubwa la baridi miezi mingi baadaye haifai kutumiwa kuihukumu aina hii, na naamini wengi wanaosema hawaoni cha ajabu ndani yake walikutana na tunda la namna hiyo.

Ashmead's Kernel ilianzia katika bustani ya daktari aliyeitwa Ashmead, mjini Gloucester, na kwa muda mrefu haikujulikana sana nje ya eneo hilo. Tunda lake ni dogo au la wastani, bapa, mara nyingi limeegemea upande mmoja, na ganda lake la kijani iliyofifia limefunikwa na rangi kavu ya kahawia, hata asiyelijua hulipita kama anavyopita kiazi kilichosahaulika kapuni. Ndani, hata hivyo, kuna nyama nyeupe yenye unjano, iliyoshikana, inayovunjika kwa mlio, yenye sukari nyingi na uchachu mwingi kwa pamoja. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Tofaa lenye sukari nyingi na asidi kidogo huonekana tamu kwa mara ya kwanza na kuchosha kwa mara ya pili. Lenye vyote viwili kwa wingi humfanya mlaji atake kuuma tena, na juu ya msingi huo Ashmead's Kernel huongeza harufu kali inayofanana na ya pipi za pea. Huchumwa katikati ya Oktoba, na wakati wake mzuri ni kati ya Desemba na Februari.

Tukiziweka ubavu kwa ubavu, tofauti inaanza kwenye ulimi lakini haiishii hapo. Cox ni rahisi kupendwa na mtu yeyote anayeionja kwa wakati wake, ila ni mti mgumu kuulea: hushambuliwa na ugonjwa wa kuvu unaoacha madoa meusi yenye kigaga kwenye majani na ganda, hupata ubwiri unga, na matawi yake hupata vidonda vinavyoweza kuua tawi zima, hasa kwenye udongo unaotuamisha maji. Inataka kiangazi cha wastani chenye unyevu, na ikipandwa mahali penye joto kali tunda huiva haraka mno, hupasuka, na hupoteza manukato yale ambayo ndiyo sababu ya kuipanda. Ashmead's Kernel haimpendezi kila mlaji, kwani wapo ambao uchachu wake huwashinda hata mwezi wa Januari, lakini inastahimili ugonjwa wa madoa kuliko Cox na imethibitisha kwamba inaweza kuishi mbali na kwao: ni mojawapo ya matofaa machache ya Uingereza yaliyofanikiwa vizuri Amerika Kaskazini. Kasoro yake kubwa ni mavuno. Miaka mingine huzaa kidogo bila sababu inayoonekana, na mkulima anayehesabu vikapu atahuzunika.

Kwa maoni yangu, mtu mwenye nafasi ya mti mmoja na asiye na uhakika kwamba hali ya hewa yake ni ile ya kusini mwa Uingereza achague Ashmead's Kernel. Cox ikikosa mahali pake hugeuka kuwa tofaa la kawaida lenye magonjwa mengi, ilhali Ashmead's Kernel hubakia na tabia yake karibu popote penye baridi ya kutosha. Kwa anayenunua badala ya kupanda, hukumu hiyo inageuka: akimpata mkulima aliye katika mazingira yanayoifaa Cox, na akinunua Oktoba au Novemba, Cox itampa furaha zaidi kwa usumbufu mdogo.

Nisiiache Ribston Pippin, ambayo kwa muda mrefu imeaminiwa kuwa mzazi wa Cox. Ilitokea Ribston Hall, Yorkshire, mwanzoni mwa karne ya 18, kutokana na mbegu zilizoletwa kutoka Ufaransa. Shina la kwanza lilianguka, likaegemezwa, likafa mwaka 1835, lakini mzizi ukatoa chipukizi lililoishi hadi 1928. Tunda lake ni gumu na chachu kuliko Cox, na harufu yake iko katika ukoo uleule ingawa haina ulaini uleule. Anayeona Cox imetulia mno ataipenda Ribston, mradi akubali sharti la uchavushaji nitakalolieleza mbele.

Kwa asiyependa uchachu: Egremont Russet

Ikiwa tatizo la mlaji ni uchachu wenyewe, basi Egremont Russet inamfaa kuliko zote nilizozitaja. Ni tofaa la Uingereza lililojulikana tangu miaka ya 1870, nalo pia lina ganda la kahawia lenye kukwaruza, lakini ndani ni tofauti kabisa na Ashmead's Kernel: nyama yake ni kavu kiasi, utamu ni wa taratibu, uchachu ni mdogo, na ladha inayobaki mdomoni ni ile ya njugu au karanga mbichi. Wapo wanaoliona halina msisimko. Mimi naliona kuwa tofaa bora kabisa la kuliwa pamoja na jibini, na pia tofaa la kumpa mtu anayedai kwamba matofaa ya kale yote ni makali. Huchumwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba na huliwa hadi Desemba.

Bustanini ni mti mwema: ni mdogo, husimama wima, huzaa karibu kila mwaka, na haushambuliwi sana na ugonjwa wa madoa. Udhaifu wake ni vidoa vya kahawia vyenye uchungu vinavyojitokeza chini ya ganda, ambavyo hutokana na tunda kukosa kalisi ya kutosha, hasa mti ukipata maji kwa vipindi visivyo sawa. Kumwagilia kwa utaratibu wakati wa ukame hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Esopus Spitzenburg na Newtown Pippin

Upande wa Marekani kuna matofaa mawili ambayo hayawezi kuachwa katika ulinganisho wowote wa haki. Esopus Spitzenburg ilipatikana katika karne ya 18 huko Esopus, kwenye bonde la mto Hudson, jimbo la New York, eneo lililokaliwa na walowezi wa Kiholanzi. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani, aliipanda shambani kwake Monticello, Virginia, na jambo hilo limeipa sifa inayorudiwa kila mahali, ingawa sifa ya kweli ya tofaa hili haimhitaji rais. Ni refu kidogo kuliko lilivyo pana, lina wekundu uliochanganyika na rangi ya chungwa pamoja na vidoa vidogo vya njano, na nyama yake ya njano ni ngumu, yenye maji, na yenye ladha kali ya viungo ambayo mtu huikumbuka. Likitoka mtini mwishoni mwa Oktoba huwa bado limefungana. Likivundikwa mahali pa baridi kwa wiki kadhaa hufunguka, na kufikia mwisho wa Desemba linaweza kushindana na Cox iliyo bora.

Ningependa kuipendekeza bila masharti, lakini haiwezekani. Spitzenburg hupata karibu kila ugonjwa wa mitofaa, na mbaya zaidi ni ule wa bakteria unaoyanyausha maua na machipukizi yakageuka meusi kana kwamba yameunguzwa na moto. Mahali penye majira ya kuchipua yenye joto na mvua, ugonjwa huo unaweza kuua mti wote. Zaidi ya hayo, hupenda kuzaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Kwa hiyo nauona kuwa mti wa mtu aliye mahali pakavu, mwenye muda wa kuutazama kila wiki na kukata mara moja tawi lililoambukizwa. Mlaji tu asiye na bustani hana cha kuogopa: akiliona sokoni alinunue, alihifadhi hadi mwisho wa mwaka, kisha alile.

Newtown Pippin ni tofaa la subira kubwa zaidi. Lilianzia Newtown kwenye kisiwa cha Long Island, sehemu ambayo leo ni Queens ndani ya jiji la New York, na Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alipokuwa London alipelekewa matofaa haya kutoka nyumbani. Huko Virginia hujulikana kwa jina la Albemarle Pippin. Ni la kijani, mara nyingine lenye unjano na mabaka ya kahawia karibu na kikonyo, na nyama yake imeshikana sana. Likichumwa huwa gumu na chachu. Likikaa miezi mitatu au minne hupata utamu safi wenye harufu inayokumbusha msonobari, na huweza kuliwa kwa furaha hadi Machi au hata Aprili, wakati matofaa mengine ya kale yamekwisha au yamegeuka unga. Kati ya aina zote za ulinganisho huu, hii ndiyo ninayompendekezea anayetaka tofaa la mwisho wa majira ya baridi. Hata hivyo inahitaji kiangazi kirefu chenye joto ili ikomae, na katika nchi zenye kiangazi kifupi na cha ubaridi haifikii ubora wake.

Kuhusu Gravenstein yatosha maneno machache. Ni tofaa la Ulaya ya kaskazini, linalohusishwa na Gråsten kusini mwa Denmark, ambako mwaka 2005 lilitangazwa kuwa tofaa la taifa, na limepata pia makao ya pili katika wilaya ya Sonoma, California. Huiva Agosti na Septemba, lina maji mengi na uchachu wa kuburudisha, na hakuna aina ya mapema inayolizidi kwa harufu. Lakini matunda yake huiva kwa zamu, huanguka yenyewe, na hayakai. Linamfaa mwenye mti karibu na mlango, au mwenye familia kubwa, au anayependa kupika yale yaliyobaki.

Uchavushaji huamua mengi

Wengi huchagua mtofaa kwa ladha ya tunda, wakaupanda peke yake, wakashangaa kwamba unachanua vizuri na kuzaa matunda ya kuhesabika. Mitofaa mingi haiwezi kujichavusha. Huhitaji chavua ya aina nyingine inayochanua wakati uleule, na nyuki wa kuileta. Egremont Russet huchanua mapema kidogo, Cox katikati, na Ashmead's Kernel nyuma kidogo ya Cox, kwa hiyo Cox inaweza kuhudumiana na majirani zake wote wawili.

Kuna jambo la ziada linalohusu Ribston Pippin na Gravenstein. Mitofaa mingi ina seti mbili za kromosomu katika kila seli. Hizi mbili zina tatu. Miti ya namna hiyo kwa kawaida ni mikubwa na yenye nguvu, lakini chavua yake ni dhaifu na haifai kuchavusha miti mingine. Maana yake ni kwamba anayepanda Ribston pamoja na Cox peke yake atapata matunda kwenye Ribston, lakini Cox itabaki bila mchavushaji. Anahitaji mti wa tatu ili wawili wenye chavua nzuri wachavushane na wote wawili wamhudumie wa tatu. Ashmead's Kernel nayo isitegemewe kuwa mchavushaji wa pekee. Mtofaa mwitu wenye maua mengi, au mitofaa ya jirani iliyo katika umbali ambao nyuki huufikia, huondoa tatizo lote bila gharama, na kwa hiyo ni busara kutazama bustani za jirani wakati wa maua kabla ya kununua mche.

Shina la chini nalo lina uzito sawa na aina yenyewe. Mche uliobebeshwa juu ya shina liitwalo M9, mojawapo ya yale yaliyoainishwa katika kituo cha utafiti cha East Malling huko Kent, hubaki mdogo, huanza kuzaa mapema, na huhitaji nguzo ya kuuegemeza maisha yake yote. Juu ya MM106 mti huo huo hufikia mita 4 au zaidi, husimama wenyewe, na hustahimili udongo hafifu vizuri zaidi. Kwa aina dhaifu kama Cox ningeepuka M9 kwenye udongo usio na rutuba. Kwa zile zenye seti tatu za kromosomu, ambazo hukua kwa nguvu zenyewe, shina dogo ni jambo la busara.

Sharti moja linazihusu zote: mitofaa hii inahitaji majira ya baridi ya kweli. Aina nyingi za kale hutaka takribani saa 800 hadi 1,000 za baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ili machipukizi yaamke kwa pamoja. Mahali pasipo na baridi hiyo mti huchanua kwa kusitasita, majani hutoka kwa viraka, na matunda huwa machache. Aliye mahali pa namna hiyo asijilazimishe kupanda Cox; zipo aina zilizozalishwa kwa ajili ya maeneo yenye joto, kama Anna kutoka Israeli, na ingawa si za kale, zitamlisha.

Kuchuma kwa siku sahihi na kungoja

Kwa kuwa nimesema mwezi wa kula ndio wa kwanza, ni lazima nieleze kwa nini aina moja hungojewa na nyingine hailazimiki. Tunda lililochumwa bado linapumua. Linapokomaa, wanga uliomo hugeuka sukari. Linapokaa, asidi hutumika taratibu katika kupumua huko, na uchachu hushuka. Tofaa lililoanza na asidi nyingi na nyama iliyoshikana, kama Newtown au Ashmead's Kernel, lina akiba ya kupoteza kabla halijachujuka, kwa hiyo muda hulinufaisha. Gravenstein, ambayo huiva na kulegea haraka, haina akiba ya namna hiyo. Hii ndiyo sababu tofaa linaloonja vizuri sana siku ya kuchumwa mara nyingi si lile litakaloonja vizuri Februari.

Anayechuma mwenyewe ana vipimo vya uhakika. Tunda likiinuliwa kwa kiganja na kuzungushwa kidogo litoke na kikonyo chake bila kuvutwa. Mbegu ziwe zimegeuka kahawia. Na rangi ya chini ya ganda, ile isiyo nyekundu, iwe imeanza kutoka kijani kwenda njano. Anayetaka kupima zaidi akate tunda katikati na kulipaka iodini: sehemu yenye wanga huwa nyeusi yenye ubuluu, na tofaa la kuhifadhiwa muda mrefu huchumwa likiwa bado na wanga kiasi, wakati la kuliwa mara moja huachwa mpaka karibu wote uishe. Ashmead's Kernel ikichumwa mapema mno husinyaa kabla ya kupata utamu, na kosa hilo hufanywa mara nyingi na watu wanaoogopa ndege na upepo.

Ghalani, joto la nyuzi 0 hadi 4 na hewa yenye unyevu ndiyo hali inayofaa. Matofaa yenye ganda la kahawia yanahitaji uangalizi wa peke yake, kwani ganda hilo ni tabaka la seli za kizibo lisilozuia maji kutoka kama linavyozuia ganda laini lenye nta. Yakiachwa wazi, hunyauka na kukunjamana wiki chache tu. Njia rahisi ni kuyaweka katika mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu machache, ndani ya jokofu au stoo ya baridi. Aina za mapema zisiwekwe pamoja na za kungojwa, kwa sababu tunda lililoiva hutoa gesi ya ethilini inayoyaharakisha yaliyo karibu nalo, na Gravenstein moja iliyolainika huweza kuharibu mpango wa miezi mitatu.

Ipi kwa nani

Kwa mlaji asiye na bustani, shauri langu ni kufuata kalenda badala ya kufuata jina moja: Gravenstein mwishoni mwa Agosti, Cox na Egremont Russet kuanzia Oktoba, Spitzenburg na Ashmead's Kernel mwisho wa mwaka hadi Februari, Newtown Pippin baada ya hapo. Amuulize muuzaji siku ya kuchumwa, na asikubali kuonjeshwa Ashmead's Kernel mwezi wa Oktoba kisha akaihukumu.

Mwenye nafasi ya mti mmoja, na mitofaa ya jirani ya kuuchavusha, apande Ashmead's Kernel ikiwa anapenda uchachu, au Egremont Russet ikiwa haupendi au anataka mavuno ya kutegemewa. Spitzenburg aiache mpaka awe amelea miti mingine na kujua ni magonjwa gani yaliyopo kwake. Mahali penye kiangazi kirefu cha joto, Newtown Pippin inazipita Ashmead's Kernel na Egremont Russet.

Mwenye nafasi ya mitatu, katika nchi yenye kiangazi cha wastani, apande Egremont Russet, Cox na Ashmead's Kernel kwa pamoja. Mbili za kwanza zitachavushana, Cox itamhudumia wa tatu, na mezani hakutakosekana tofaa kuanzia Oktoba hadi Februari. Cox aipande mahali pa juu pasipotuama maji, penye hewa inayopita ili majani yakauke upesi baada ya mvua, na mti wa Ashmead's Kernel aupe upande wenye jua la jioni, kwa kuwa huo ndio utakaobaki na matunda yake hadi katikati ya Oktoba, yanapohitaji kila saa ya mwanga.